Deadline, dateline na makataa: nani yuko sahihi?

Msomaji mmoja wa Morogoro, ambaye kazi yake ni kuandaa matangazo ya ufadhili wa masomo, ameniandikia hivi: "Mkuu wangu wa kitengo amenikataza kuandika deadline. Anasema neno hilo lilitoka gerezani ambako watu walipigwa risasi, kwa hiyo halifai kwa wanafunzi, na anataka niandike dateline. Mwenzangu aliyesoma Nairobi anasema niandike makataa tu, yaishe. Nani yuko sahihi?"

Ndugu yangu, mkuu wako amesema kweli kuhusu gereza, ila kwa yaliyobaki amepotea. Mwenzako yuko sahihi akiwa Nairobi, ambako makataa ni muda wa mwisho uliowekwa. Tangazo lake likifika Morogoro, nusu ya wasomaji watauliza hayo makataa ni nini. Nawe una tatizo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ndilo linalowaponza waombaji wengi kuliko neno lenyewe. Tutalifikia.

Tuanze na gereza. Mwaka 1861 Marekani iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Kusini yaliyojitenga yakipigana na serikali ya Kaskazini. Kwa muda pande hizo mbili zilikuwa zikibadilishana mateka, hivyo kambi hazikujaa sana. Mwaka 1863 utaratibu huo ukavunjika. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba Kusini ilikataa kuwatendea askari weusi wa Kaskazini kama mateka wa vita sawa na wenzao weupe. Mateka wakaanza kurundikana kila upande, na Februari 1864 Kusini ikafungua kambi mpya katika jimbo la Georgia. Jina lake rasmi lilikuwa Camp Sumter, lakini watu waliizoea kwa jina la kijiji cha jirani, Andersonville.

Kambi hiyo ilikusudiwa kuchukua watu 10,000. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa na zaidi ya 30,000, kwenye eneo lisilozidi hekta 11, wakilala kwenye vibanda vya matambara na mashimo waliyochimba wenyewe. Kijito kimoja tu kilipita katikati. Maji yake yalianza kuchafuka kabla ya kuingia uani, maana kambi ya walinzi na jiko vilikuwa upande wa juu, na humo ndani maelfu ya watu walikinywea, wakakiogea na kujisaidia kandokando yake. Katika miezi 14 ya uhai wa kambi waliingia mateka wapatao 45,000, na karibu 13,000 kati yao walifia humo. Wengi waliuawa na kuhara, kuhara damu na kiseyeye. Nasisitiza hilo kwa sababu wanaosimulia asili ya neno hili hupenda kuacha picha ya kwamba mateka walimalizwa kwa bunduki. Risasi zilikuwepo, ila makaburi ya Andersonville yalijazwa hasa na njaa na maradhi.

Sasa huo mstari. Ua wa kambi ulikuwa wa magogo ya msonobari yaliyosimikwa wima, na juu yake kulikuwa na vibanda vya walinzi. Ndani ya ua, kiasi cha futi 20 kutoka kwenye magogo, yaani kama mita sita, palipita uzio mwepesi wa vijiti vilivyogongomewa mbao nyembamba juu. Mtu mzima angeuruka bila shida. Huo ndio uliitwa "dead line", wakati huo likiandikwa kama maneno mawili. Mateka aliyeuvuka, mchana au usiku, mlinzi alikuwa na amri ya kumpiga risasi bila kumwonya. Kwa hiyo lile "dead" halielezi mstari uliokufa. Ni mstari wa mauti: ukiuvuka umekufa.

Vita vilipokwisha, mkuu wa gereza hilo, Kapteni Henry Wirz, mzaliwa wa Uswisi, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Washington, akanyongwa tarehe 10 Novemba 1865. Hati ya mashtaka ilikuwa na sehemu nzima juu ya mstari huo, na kuna jambo ndani yake ambalo wasimulizi wengi hulipita. Walioiandika hawakulalamikia mauaji peke yake. Walilalamika kwamba sehemu nyingi mstari wenyewe ulikuwa wa kuwazia tu, hauonekani, na sehemu nyingine ulikuwa ni vipande vya mbao vilivyolegea juu ya vijiti visivyo imara. Mateka mgeni aliyeshushwa jana hakujua mpaka uko wapi. Na pale kijito kilipoingilia, watu walikuwa wakinyoosha mkono kupita chini ya mbao ili wateke maji yaliyo safi kidogo, wakapigwa risasi. Kosa la kuweka mpaka na kosa la kuuficha yaliandikwa katika hati moja.

Usidhani Kusini peke yake ndiyo ilikuwa na mistari hiyo. Magereza ya Kaskazini nayo yalikuwa nayo. Kambi ya Rock Island kule Illinois, walikofungwa askari wa Kusini, ni mfano mmojawapo. Jina la Andersonville ndilo lililobaki kwa sababu ya kesi ya Wirz, na kwa sababu waliotoka hai waliandika kumbukumbu nyingi ambazo Wamarekani walizisoma kwa miongo.

Baada ya vita neno likatoka gerezani na kuanza kuhangaika mjini. Mwaka 1880 Thomas Byrnes, mkuu wa wapelelezi wa polisi wa New York, alitangaza kwamba mwizi yeyote anayejulikana akionekana kusini ya mtaa wa Fulton, yaani upande wa Wall Street na mabenki yake, atakamatwa hata kama hajaiba kitu siku hiyo. Mpaka huo magazeti yaliuita "dead line". Hapo mtu havuki mbao wala hapigwi risasi. Anavuka mtaa na kuishia mahabusu. Umeona neno lilivyoanza kulegea: limebaki na mpaka na adhabu, limeacha maiti.

Wachapaji nao walikuwa na lao. Kwenye meza ya mashine ya kuchapia paliwekwa alama ya mstari, na herufi zilizopangwa nje ya alama hiyo hazikuchapika. Huo nao waliuita "dead-line". Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, hasa kuanzia miaka ya 1910, waandishi wa habari wa Marekani wakaanza kulitumia kwa saa: saa ambayo habari ikishaipita haiwezi tena kuingia kwenye toleo la leo. Watunzi wa kamusi za Kiingereza ni waangalifu hapa. Wanakubali kwamba mstari wa gerezani ndio wa zamani zaidi kati ya hii mitatu, lakini kwa ile hatua ya kutoka gerezani hadi chumba cha habari wengi wao huandika "labda". Ushahidi wa maandishi unaoonyesha mhariri fulani akilitoa neno Andersonville na kulitia kwenye ratiba ya gazeti haupo. Mimi naona kila hatua ilisukuma inayofuata, na mtu aliyefanya kazi kwenye chumba cha habari miaka ya 1910 alikuwa ameshasikia maana zote tatu. Kutoka magazetini ndipo likasambaa kwa wanasheria, walimu, wahasibu, na sasa kwako.

Halijawahi kuliacha jeshi kabisa, lakini. Ukija kutafsiri nyaraka za jeshi la Marekani utakuta kifaru au lori "deadlined". Usiandike kwamba limefikia tarehe ya mwisho. Wanamaanisha kwamba ni bovu, limeegeshwa, haliruhusiwi kutoka mpaka litengenezwe.

Je, kwa kuwa neno lilianzia penye damu, tuliache? Mkuu wako akiushika msimamo huo kwa ukamilifu, atakuwa na kazi kubwa. Kampeni ya chanjo itabidi ibadilishwe jina, kwa sababu kampeni ilikuwa ni jeshi kutoka kambini na kwenda kupigana uwandani kabla haijawa wagombea kupanda jukwaani. Alamu ya simu inayomwamsha asubuhi ilianza kwa Kiitaliano kama mwito wa vitani, "all'arme", shikeni silaha. Hata ule mpango mkakati wake wa miaka mitano, kwa Kiingereza "strategic plan", umetokana na neno la Kigiriki la jemadari. Nina hakika ameuandika bila kumwogopesha mtu.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali, kwa sababu sisi wenyewe tuna neno lililosafiri njia hiyo kwa kurudi nyuma. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa: muda wa kulipa deni, na pia muda wa uhai wa mtu aliopangiwa na Mungu. Ile aya ndefu ya deni katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, inasema watu wakikopeshana kwa muda maalumu waandikiane, na neno la muda huo ni hilohilo ajal. Lilipoingia kwetu likawa ajali, na Kiswahili kikachukua upande wa uhai: ajali yake imefika, yaani siku zake zimetimia. Kutoka hapo likawa jambo baya lisilozuilika, ndiyo maana wahenga wakasema ajali haina kinga. Leo ukisema ajali, msikilizaji anaona basi limepinduka. Kiingereza kilianza na mauti kikaishia kwenye tarehe. Sisi tulianza na tarehe tukaishia barabarani. Na hakuna askari wa usalama barabarani anayejaza fomu ya ajali huku akifikiria mkataba wa mkopo. Asili ya neno ni elimu nzuri, lakini maana yake iko kwa watu wanaolitumia leo, na leo hakuna mwanafunzi anayesoma "deadline" akaona bunduki. Anaona usiku wa kukesha.

Kuhusu "dateline" sitakuwa na maneno mengi, kwa sababu hapo hakuna ubishi. Hilo ni neno jingine kabisa. Ukifungua habari ya gazeti la Kiingereza, ule mstari mdogo wa mwanzo unaotaja mji, na mara nyingine tarehe, kabla ya sentensi ya kwanza ndio "dateline". Humwambia msomaji habari imeandikiwa wapi na lini. Kuna pia mstari wa kimataifa wa tarehe unaopita katikati ya bahari ya Pasifiki, ambako ukiuvuka unaongeza au kupunguza siku. Hakuna kati ya hizo inayohusu kuwahi. Kosa hili limeenea sana Afrika Mashariki, na naelewa linakotoka: sikio linasikia sauti inayokaribiana, kichwa kinawaza tarehe, mkono unaandika "date". Lakini mwombaji akiandika kwa wafadhili wa nje kwamba atawasilisha ripoti "before the dateline", anayesoma ataelewa, halafu atatabasamu kidogo. Usimpe sababu ya kutabasamu.

Makataa yanahitaji nafasi zaidi, kwa sababu yanabeba mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga. Fungua gazeti au redio ya Kiswahili ya Kenya uyaone: makataa ya kuwasilisha ritani za ushuru ni tarehe 30 Juni, na hapohapo, chama cha walimu chatoa makataa ya siku saba kwa serikali. La kwanza ni "deadline". La pili ni "ultimatum". Tarehe ya ritani haina hasira na mtu, imewekwa kwa wote, na kila mwaka inarudi palepale. "Ultimatum" ina watu wawili wanaotazamana, mmoja akimwambia mwenzake fanya hivi mpaka saa hii, la sivyo utaniona. Hizo siku saba zinazosikika kila mara kwenye migomo ya Kenya nazo si namba ya kubuni tu: sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku saba kabla ya mgomo kuanza.

Kama unataka kuiona tofauti hiyo kwa macho, nenda Zanzibar, Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25. Khalid bin Barghash akaingia kasri na kujitangaza sultani, Waingereza wakiwa wanamtaka Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid amri ya mwisho: ifikapo saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27, ashushe bendera na atoke, la sivyo kasri litapigwa mizinga. Meli zilikuwa zimeshajipanga bandarini chini ya Admirali Harry Rawson. Saa tatu ikafika, bendera haikushuka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Kabla ya saa nne kasri lilikuwa limebomoka, meli ya sultani iitwayo Glasgow inazama, na vita hivyo vinatajwa mpaka leo kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Hiyo ni "ultimatum" kamili: saa, sharti na tishio, vyote kwa mtu mmoja. Ukiita "deadline" utaeleweka, kwa maana ndani ya kila "ultimatum" mna saa ya mwisho. Kinyume chake hakiwezekani. Huwezi kumpa mwombaji wa ufadhili "ultimatum", labda kama amewaudhi sana.

Tanzania hatukuhangaika kutafuta nomino ya jambo hilo. Vichwa vya habari vyetu husema tu Waziri ampa mkandarasi siku 14, na kila msomaji anajua kwamba baada ya siku hizo kuna mtu atawajibishwa. Sioni upungufu wowote hapo; kitenzi kimefanya kazi yote. Kwa hiyo, kama tangazo lako linasomwa Kenya, makataa ni neno safi, na usisahau upatanisho wake: makataa yamepita, makataa hayo, si makataa imepita. Kama linasomwa Tanzania, chagua njia nyingine.

Njia nyingine zipo, kila moja na mwiba wake. Ukomo ni neno zuri la kisheria na kibajeti: ukomo wa madaraka, ukomo wa bajeti, ukomo wa muda wa kufungua shauri. Kwenye tangazo la wanafunzi linakaa kama mgeni aliyevaa suti kwenye mechi ya mtaani. Siku ya mwisho inaeleweka na kila mtu, tatizo ni kwamba inaeleweka mara mbili. Nimeshaona tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa nyumba ya ibada likisema siku ya mwisho ni Ijumaa, na chini yake mtu ameongeza kwa kalamu: tubuni. Tarehe ya mwisho haina utani huo. Lakini kinachotumika hasa kwenye matangazo ya nchini, na ambacho mimi ningekichagua bila kufikiri mara mbili, ni maelezo kamili: mwisho wa kupokea maombi ni tarehe fulani. Yana faida moja ambayo "deadline" yenyewe haina. Yanasema mwisho wa nini.

Kwa mazungumzo, ujumbe wa simu na vikao vya ofisini, sema deadline, au dedilaini ukipenda kuiandika kwa sauti yetu. Limeshakuwa neno la watu: deadline ya lini, deadline zimebana, nimebanwa na deadline. Ila ukilitumia, litumie na vitenzi vya Kiswahili. Kiingereza kinasema "meet a deadline", na nimesoma tafsiri iliyosema mradi umefanikiwa kukutana na tarehe ya mwisho, kana kwamba walipeana miadi mgahawani. Kiswahili kina kuwahi, kitenzi ambacho Waingereza wangetuonea wivu wangekijua: amewahi, hakuwahi. Aliyeshindwa amechelewa au amepitwa. Muda wenyewe ukiwa mfupi umebana, au ni finyu. Ukisogezwa mbele, muda umeongezwa.

Hilo la kuongezwa tunalijua vizuri. Wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole Tanzania, mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019. Foleni za vitambulisho zikawa hazimaliziki, na Rais Magufuli akaongeza siku 20, mpaka tarehe 20 Januari 2020, ndipo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa anayependa michezo ya maneno, laini ya simu isiyofanya kazi kwa Kiingereza huitwa "dead line". Mara moja katika historia, "deadline" ilizaa "dead lines", maelfu kwa maelfu.

Sasa lile tatizo la tatu, ambalo hukuuliza. Umenitumia mfano wa tangazo lenu, na linasema: "Tuma maombi kabla ya Ijumaa saa 12 usiku." Ndugu yangu, mpaka huo ni kama ule wa Andersonville: ni mbao chache zilizobaki zimesimama hapo. Kwanza, kabla ya Ijumaa maana yake Ijumaa haimo. Mwenye haki akishika maneno yako atatuma Alhamisi; aliyetuma Ijumaa mchana utamkataa au utampokea? Pili, saa 12 usiku ni saa gani? Uliitafsiri "12 midnight" kwa namba na si kwa saa. Kwetu saa 12 ni jua linapochomoza au linapozama, na katikati ya usiku ni saa sita. Tatu, hata ukiandika saa sita usiku wa Ijumaa, bado hujatoka kwenye matata, kwa sababu kwa Waswahili wa asili siku huanza jua linapotua. Bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa, anamaanisha usiku ambao ofisini kwenu mnauita Alhamisi usiku. Watangazaji wa redio walishaliona hilo zamani, ndiyo maana husema usiku wa kuamkia Ijumaa. Kiingereza nacho hakijapona: "midnight Friday" huwachanganya wenyewe, na mashirika mengi yameikimbia kwa kuandika 23:59. Fanya vivyo hivyo: saa 5:59 usiku.

Kuna na saa za nchi za watu. Matangazo mnayoyapokea kutoka nje na kuyatafsiri huja na saa ya kwao, na nyie mnainakili bila kuigeuza. Saa 11 jioni ya London ni saa 2 usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa 1 usiku wakati wa kiangazi. Saa 11 jioni ya New York ni saa 7 usiku wetu, siku ikiwa imeshageuka. Wakati wa kiangazi chao ni saa 6 usiku. Mikutano ya kitaaluma hupenda kuandika AoE, yaani mradi bado ni tarehe hiyo popote duniani. Ukikuta 23:59 AoE usikate tamaa kunapopambazuka: kwa saa za Afrika Mashariki una nafasi mpaka saa 8:59 mchana wa siku inayofuata. Nawafahamu watu walioacha kutuma maombi asubuhi wakidhani wamechelewa, kumbe walikuwa na nusu siku mbele yao.

Na kwa upande wa Kiingereza, angalia sana "by" na "until", kwa sababu hadi na mpaka zetu zinafunika yote mawili. Ofisi iko wazi hadi Ijumaa, jambo linaendelea siku zote hizo, hapo ni "until". Leta fomu hadi Ijumaa, unaileta mara moja tu, wakati wowote usiozidi siku hiyo, hapo ni "by". Ukiandika "submit until Friday", msomaji wa Kiingereza ataona mtu anayewasilisha fomu bila kupumzika mpaka wikendi. Vilevile amua kama unachohesabu ni kutuma au kufika. Kwa barua pepe tofauti ni ya sekunde. Kwa bahasha ya posta kutoka Kigoma ni ya siku kadhaa, na ndiyo maana matangazo makini husema kama wanatazama muhuri wa posta au siku bahasha ilipofika mezani.

Kwa hiyo tangazo lenu ningeliandika hivi: "Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa 5:59 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Maombi yatakayotufikia baada ya hapo hayatashughulikiwa." Toleo la Kiingereza: "The deadline for applications is Friday, 30 June, at 23:59 East Africa Time. Applications received after the deadline will not be considered." Kama kweli mtayapokea ya waliochelewa, kama ofisi nyingi zinavyofanya kimyakimya, basi ifuteni ile sentensi ya pili katika matoleo yote mawili.